Mgonjwa Usiyemchoma Sindano Ndiye Anayekujengea Jina

(Hotuba kwa wahitimu wa utabibu, uuguzi na fiziotherapia, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi, wazazi mliosafiri usiku kucha ili muwe hapa asubuhi hii, na ninyi wahitimu wenyewe: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujenga maisha ya kazi katika akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, na tiba mbadala kwa ujumla. Waandaaji wameniambia kwamba wengi wenu mnauliza habari hizi, na sishangai. Ajira za serikali hutoka kwa awamu, nafasi ni chache, waombaji ni maelfu. Wakati huohuo ukipita mitaani unaona vibao: hijama, sindano za Kichina, masaji ya tiba, dawa lishe. Unaona watu wanaingia, wanalala kitandani, wanalipa, wanarudi tena. Unajiuliza, mimi niliyekesha na vitabu vya anatomia, kwa nini nisifungue chumba changu?

Unaweza kufungua. Kazi hii ipo, ina heshima, na inalisha familia. Mimi nimeanza kama tabibu wa kawaida kwenye zahanati, nikaenda kusomea akupancha Nanjing, nikarudi, na ndiyo inayoniweka mjini hadi leo. Lakini katika yote nitakayosema, nataka mshike hili kabla ya mengine: jina lako litajengwa na wagonjwa uliokataa kuwachoma sindano kuliko wale uliowachoma. Naomba nilieleze kwa mfano wa mgonjwa mmoja.

Kijana mmoja fundi seremala aliletwa kwetu na shangazi yake. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwa miezi. Alikuwa ameshameza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likaanza kumchoma, ameshachuliwa, ameshaumikwa. Shangazi alikuja na fedha mkononi, tayari kulipia mahudhurio yote kwa mkupuo, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuambiwa kwingine. Nikamuuliza kijana: maumivu yanazidi lini? Akasema usiku. Ukilala yanapungua? Hayapungui. Unakula? Akanyamaza. Shangazi ndiye aliyejibu: "Daktari, shati lake asubuhi unalikamua. Na suruali hizi nilimnunulia mimi, leo zinamvuka."

Nikamwomba avue shati na ainame mbele. Nikapitisha kidole gumba juu ya pingili za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni kushuka chini. Katikati ya mgongo kidole kikapanda. Palikuwa na pingili iliyochomoza nje ya mstari, kitu kidogo tu ambacho usingekiona kwa macho akiwa amesimama. Nilipoigonga kwa upande wa ngumi, taratibu sana, kijana aliruka.

Sikufungua pakiti ya sindano. Nilimwandikia barua ya rufaa siku hiyohiyo, nikamwambia shangazi fedha yake aitunze kwa nauli na picha ya eksirei. Alikasirika waziwazi, akasema amekuja mbali kwa ajili ya tiba na si kwa ajili ya karatasi. Hospitali wakakuta ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake hapa nchini hutolewa bure, akazimeza kwa muda wake wote mpaka akamaliza, na leo anapiga randa kama kawaida.

Sasa fikirini ningemchoma. Sindano zina uwezo wa kupunguza maumivu kwa muda, hilo ni kweli. Angeondoka na nafuu ya siku mbili tatu. Angerudi, ningemchoma tena, na yeye angesema nimemsaidia. Huku ndani pingili inaendelea kuliwa, usaha unakaribia uti wenyewe, na siku moja kijana yule anaamka miguu haisikii. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi yetu: kumpa mtu nafuu inayomchelewesha kufika panapostahili.

Yule shangazi baada ya mwaka alituletea kikundi chake chote cha vikoba. Wengine walikuwa na magoti, wengine mabega, mmoja alikuwa na kipandauso. Hakuna tangazo nililowahi kulipia likaleta watu namna ile.

Kwa hiyo mlichokisoma miaka hii hakijapotea kwa kuingia tiba mbadala. Ndicho kitakachowatofautisha. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Maumivu ya mgongo yenye ganzi katikati ya mapaja na mkojo usiozuilika. Kichwa kilichouma ghafla kuliko siku zote za maisha. Maumivu ya kifua yanayopanda taya na mkono. Uvimbe wa titi. Kutokwa damu kusiko na maelezo: hao wote si wa kwako siku hiyo. Unaandika rufaa, unapiga simu, na ikibidi unamtafutia usafiri. Halafu unafuatilia. Barua ya rufaa isiyofuatiliwa ni sawa na kumfukuza mgonjwa.

Nije kwenye masomo, maana hapa ndipo vijana wengi wanaibiwa.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya akupancha na usalama wake. Kwa mtu asiye daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili, mwongozo ule ulipendekeza saa 2,500 za masomo, nadharia na vitendo. Kwa daktari anayetaka ujuzi kamili, saa 1,500. Na kwa daktari anayetaka tu kuitumia akupancha kama nyongeza kwenye kazi yake, saa zisizopungua 200. Sasa linganisha na mafunzo unayotangaziwa kwenye simu, Jumamosi na Jumapili, chai na cheti vikiwemo. Siyadharau mafunzo mafupi. Muuguzi akifundishwa vizuri pointi chache za sikioni, yaani mahali maalumu pa kuchoma, na akabaki palepale alipofundishwa, anaweza kufanya kazi nzuri. Shida ni yule anayetoka Jumapili jioni na Jumatatu anaweka kibao.

Njia ndefu wengi waliyoipita ni ya Uchina. Vyuo vikuu vya tiba ya Kichina vya Beijing, Nanjing, Guangzhou, Tianjin vinapokea wageni, na shahada ya kwanza huchukua miaka mitano. Serikali ya Uchina hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa Kiafrika kila mwaka, na ushindani ni mkali. Ukitaka kujiongezea nafasi, anza na lugha sasa hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius, Dodoma ipo, na wenzetu wa Nairobi wanayo tangu 2005. Kichina si cha mtihani tu. Ukiwa wodini Nanjing na mzee wa kule anakueleza maumivu yake kwa lafudhi ya kijijini, hapo ndipo utajua kama ulisoma au ulikariri.

Wala uhusiano huu si mpya kwetu. Timu za madaktari wa Kichina zimekuwa zikija Zanzibar tangu miaka ya 1960, zikitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara tangu 1968, zikitoka Shandong. Wapo wazee wetu walioziona sindano hizi kwa mara ya kwanza mikononi mwa madaktari hao, wakalala kitandani kwa hofu, wakajikuta wamesinzia. Nimekutana na wazee kama hao. Wakija kliniki, ndio wanaowatuliza vijana.

Maana hofu ipo. Mgonjwa wetu akisikia sindano anafikiria bomba, dawa na paja. "Utanichoma dawa gani?" Mwoneshe. Toa sindano moja, mpe aitazame. Unene wa robo ya milimita, haina tundu, hakuna dawa ndani yake. Mwache ailinganishe na unywele wake. Dakika mbili hizo zitakuokolea nusu saa ya misuli iliyokakamaa.

Naomba niwaoneshe pointi moja tu, ile ya chini ya goti inayoitwa Zusanli, ili mjue kazi yenyewe ikoje. Mgonjwa amekunja goti kidogo. Unatafuta kishimo kilicho chini ya kifuniko cha goti, upande wa nje. Kutoka hapo unashuka upana wa vidole vinne, lakini vidole vyake yeye, si vyako. Mgonjwa mwembamba wa kike akipimwa kwa mkono wa daktari mnene wa kiume, umeshakosea mahali. Kisha unatoka nje ya mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Bonyeza. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe atakuambia, "Hapo hapo." Unasafisha, unaingiza haraka kupita ngozi, halafu pole pole. Unasubiri. Hasikii mchomo, anasikia uzito, au kama mguu unajaa, au kitu kinashuka kuelekea kifundo. Uzito huo Wachina wanauita deqi. Wewe unausikia kwenye vidole vyako: sindano iliyokuwa inaelea inashikwa. Hapo unaacha. Ukiendelea kusukuma ili uoneshe ustadi, unamuumiza tu.

Zipo pointi 361 kwenye orodha ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea viwango vya mahali pake mwaka 2008. Huhitaji kuzichoma zote maishani mwako. Unahitaji kujua chini ya kila moja kuna nini. Ipo moja juu ya bega, Jianjing, nzuri sana kwa shingo iliyokaza ya dereva na ya karani. Chini yake kuna ncha ya pafu. Ukichoma wima na kwa kina, hewa inaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linanywea, na dalili zinaweza kuchelewa mpaka mgonjwa amefika nyumbani. Ndiyo maana msuli ule unaubana kwa vidole, unauinua, na sindano inaingia ikilala, juu juu. Anayechoma bila kuinua msuli simruhusu kukaa nami chumba kimoja.

Na mengine ya usalama nayataja kwa haraka kwa sababu mnayajua kutoka wodini. Sindano ni ya matumizi ya mara moja, haioshwi wala haichemshwi. Zihesabu ukiziweka, zihesabu ukizitoa, andika idadi zote mbili. Kasha la ncha kali liwe mkono unapofika. Muulize kila mwanamke kama ana ujauzito kabla hujagusa. Muulize kila mtu kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hasikii ukimuumiza, kwa hiyo miguu yake iheshimu.

Sasa ukweli kuhusu ushahidi. Nataka niwe wazi hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtakutana na madaktari watakaowaambia kazi hii ni imani tupu, na mtakutana na waganga watakaowaambia sindano hutibu kila ugonjwa. Wote wawili mjue namna ya kuwajibu.

Wajerumani walifanya utafiti mkubwa juu ya maumivu sugu ya kiuno, matokeo yakatoka 2007. Wagonjwa 1,162, makundi matatu. Kundi la kwanza walichomwa kwenye pointi za Kichina. La pili walichomwa juu juu, mahali ambapo hapana pointi yoyote. La tatu walipewa tiba ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Someni tarakimu hizo mara mbili. Waliochomwa, kwa vyovyote vile, walipata nafuu kuliko wale wa tiba ya kawaida. Lakini tofauti kati ya pointi sahihi na mahali popote ilikuwa ndogo mno. Mimi niliyekariri pointi hizo kwa miaka, tarakimu zile ziliniumiza kuzisoma. Baadaye ziliniadabisha. Zinaniambia kwamba sehemu kubwa ya nafuu inatoka kwenye mchomo wenyewe, kwenye muda mgonjwa anaopewa, kwenye mkono unaomgusa, kwenye matumaini aliyokuja nayo. Hayo si mambo ya kudharau. Lakini yananikataza kumwambia mgonjwa hadithi ndefu za nishati kana kwamba nimeziona kwa darubini.

Kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti, bima za umma za Ujerumani zilianza kulipia akupancha mwaka huohuo wa 2007. Marekani, bima ya wazee inalipia maumivu sugu ya kiuno tangu Januari 2020. Uingereza, mwongozo wa taifa wa 2021 unaitaja kwa aina fulani za maumivu sugu. Kwa kuzuia kipandauso kisijirudie, uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, uliokusanya majaribio 22 ulikuta inasaidia, na huenda si chini ya dawa za kuzuia. Kichefuchefu baada ya upasuaji, pointi ya kifundo cha mkono ina ushahidi mzuri. Hapo simama kwa miguu miwili. Mtu akikuuliza kuhusu saratani, kisukari, ukimwi, nguvu za kiume, sema usichokuwa nacho huna.

Kuna jambo linanigusa sana upande huu wa pwani, nalo ni dawa za kulevya. Mwaka 1970 huko South Bronx, New York, vijana wa Young Lords na Black Panthers, makundi ya wanaharakati wa Wapuerto Riko na Wamarekani Weusi, waliingia Hospitali ya Lincoln kudai huduma kwa watu wao waliokuwa wanakufa na heroini. Ikaanzishwa huduma ya kuwatoa kwenye uraibu, kwanza kwa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini. Baadaye wakasikia habari za daktari wa Hong Kong, H. L. Wen, aliyeona wagonjwa wake wa afyuni wakipungukiwa na mateso baada ya kuchomwa sindano. Wakajifunza. Kutoka hospitali ile ya maskini ukatoka utaratibu wa pointi tano za sikioni ambao leo unatumika nchi nyingi. Watu wameketi kwenye viti, duara, kimya, sindano masikioni. Haina gharama kubwa, na muuguzi anaweza kufundishwa.

Ninyi mnawajua vijana wetu wenye arosto. Mtatamani kuwaambia sikio litawaponya. Msiseme hivyo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya watumiaji 620 wa kokeini, na pointi za sikioni hazikuonesha ubora kuliko sindano za mahali pengine wala kuliko mapumziko ya utulivu. Kinachobeba uzito kwa heroini ni methadoni, na Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Sikio linaweza kumpa kijana dakika arobaini za kukaa kitini bila kutetemeka sana, akarudi kesho yake kunywa dozi. Mkilitumia kwa nia hiyo, pembeni ya kliniki ya methadoni na si badala yake, mtakuwa mmefanya kazi ya watu walioingia Lincoln.

Wapo watakaoniambia: daktari, unaipunguza kazi yako mwenyewe mbele ya vijana. Kumbukeni dawa mseto ya malaria. Mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, alikuta kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 kwamba mmea wa qinghao uloweshwe majini ukamuliwe, bila kutajwa kuchemsha. Akajaribu kutoa kiini chake cha dawa kwa etha, kimiminika kinachochemka upesi, kwenye joto la chini, akakijaribu kwa wanyama, akakijaribu kwake mwenyewe, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo imeokoa watoto wa nchi hii wasiohesabika. Tiba ya wazee iliheshimiwa na dunia kwa sababu kuna mtu alikubali kuipima, akiwa tayari kuambiwa hapana.

Nimechukua muda mrefu hapo. Nitapita haraka kwenye biashara.

Sajiliwa. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wewe unasajiliwa, na mahali unapofanyia kazi panasajiliwa. Wenzenu mtakaovuka kwenda Kenya au Ulaya, ulizeni sheria ya kule kabla hamjapanga chumba, kwa sababu cheti kinachokubalika hapa huenda kule kisitambuliwe. Usiache ajira yako siku ya kwanza. Tafuta kliniki ya fiziotherapia, omba chumba siku moja ya juma, gawaneni mapato. Daktari wa mifupa akiona wagonjwa wake wanarudi na barua nzuri kutoka kwako, atakutumia wengine. Barua ile iwe fupi: ulichokikuta, ulichofanya, kilichobadilika.

Toza kwa kila hudhurio. Mimi siuzi mahudhurio kumi kwa mkupuo, na najua wengi wanafanya hivyo. Fedha ya mgonjwa ikishakaa kwenye droo yako, mkono wako unakuwa mzito kuandika rufaa. Mwambie tangu mwanzo: tutakutana mara nne au tano, tutapima; kama hakuna kilichobadilika, tutaacha na nitakuelekeza pengine. Ataondoka bila kupona na bado atakusifia kwa jirani.

Na usimwambie mgonjwa yeyote aache dawa za hospitali. Ya presha, ya sukari, ya kufubaza virusi, yoyote. Anayetaka kupunguziwa dozi arudi kwa aliyemwandikia.

Limebaki neno hili la kumtazama mgonjwa kwa ujumla wake, ambalo kila kibao cha tiba mbadala kinalo. Nawapa mfano mmoja. Mama lishe wa sokoni alikuja na kichwa kinachomuuma kila mchana na mabega yaliyokaza kama ubao. Nikampima presha kwanza, ilikuwa sawa. Nikamwomba anisimulie siku yake. Anaamka saa tisa usiku. Anakuna nazi akiwa ameinama kwenye mbuzi, anainua masufuria kutoka jiko lililo chini kabisa. Nikamuuliza, mama, maji unakunywa saa ngapi? Akacheka kidogo, akasema hanywi mpaka afunge, kwa sababu choo cha sokoni ni cha kulipia na akiondoka hakuna wa kuangalia chakula. Kwa miezi mingi alikuwa anameza panadoli badala ya maji.

Nilimchoma, ndiyo, mabega na mikono, na alisinzia kitandani kwa usingizi ambao nadhani hakuwa ameupata siku nyingi. Lakini tiba yake kubwa ilikuwa kupatana na jirani yake wa kibanda wapokezane kwenda chooni, na kijana wake kumjengea jiko juu ya matofali lifike kiunoni. Kichwa kilipungua ndani ya majuma machache. Ukiniuliza sindano zilichangia kiasi gani, sitakudanganya kwa kukutajia asilimia. Ninachojua ni kwamba nisingeuliza habari za choo, angekuwa bado anakuja kuchomwa kila juma, analipa kwa fedha ya wali.

Kuuliza namna hiyo kunachukua muda, na muda ndio mtaji mkubwa tulio nao. Daktari wa hospitali ya wilaya mwenye foleni ya watu themanini hana dakika arobaini. Wewe unazo. Ukizitumia kuuza dawa lishe, umezipoteza, na umempoteza mtu aliyekuamini.

Wazazi, niseme nanyi kidogo. Mtoto akikwambia anataka kazi hii, usimwone amekata tamaa na udaktari, wala usimharakishe afungue kliniki ili arudishe ada. Muulize kasoma saa ngapi, kwa nani, na ni nani atakayemsimamia miaka miwili ya mwanzo. Akikosa majibu, mwambie asubiri.

Wahitimu, kliniki yetu inapokea watu wachache wa kujifunza kwa kushuhudia. Anayetaka aje na nakala ya usajili wake wa taaluma na kadi ya chanjo ya homa ya ini B yenye dozi zote tatu. Asiye na kadi aanze chanjo kwanza, dozi zile huchukua miezi sita, na atatukuta. Kucha fupi. Mwezi wa kwanza hutagusa sindano. Utaketi pembeni, utachukua historia za wagonjwa, utapima presha, na utapitisha kidole gumba kwenye migongo yao, pingili moja baada ya nyingine, hadi niridhike kwamba unajua unachokitafuta.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Kama mwenyekiti ataruhusu, niko tayari kwa maswali.